Mwongozo kamili: kuchagua msumeno unaofaa kukata mbao pana

Mafundi wengi wa Goma, pamoja na watu wanaojitengenezea rafu na meza nyumbani, hushindwa mahali pamoja. Ubao wenye upana wa sentimita 35 au 40 hukatwa nusu kutoka upande mmoja, hugeuzwa, hukatwa nusu nyingine, na mikato hiyo miwili haikutani. Katikati hubaki ngazi ya milimita mbili au tatu ambayo haifichwi na gundi wala rangi. Wengi huulaumu mkono wao, kisha hutafuta mashine yenye diski kubwa zaidi, na ngazi ile ile hurudi.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kwa ubao mpana, kinachoamua ni umbali ambao msumeno unaweza kusafiri bila kusimama. Ukubwa wa diski huamua hasa unene unaoweza kukatwa. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata jambo hilo.

## Vifaa vya kuandaa

- Msumeno wa mkono wenye urefu wa sentimita 55 hadi 65, usio na uti wa chuma mgongoni.
- Msumeno wa umeme wa kushika mkononi, wenye diski ya milimita 185 au 190, ikiwa una umeme wa kuaminika.
- Diski mbili zenye meno ya kabaidi: moja ya meno 24, nyingine ya meno 40. Kwa tripleksi (plaiwudi), ya meno 60 ni bora.
- Kipande cha tripleksi cha unene wa milimita 6 hadi 9, na kipande kingine cha milimita 12 au 18 chenye ukingo uliokatwa kiwandani.
- Vibano viwili vya chuma.
- Ekeri kubwa (kifaa cha kupimia pembe mraba), mita, penseli ngumu na kisu kikali.
- Burashi ya waya.
- Vipande vinne vya mbao vyenye unene sawa, vya kuegemezea ubao.
- Miwani ya kazi, vizibo vya masikio na kitu cha kuzuia vumbi puani.

Burashi ya waya inaonekana kuwa kitu kidogo, lakini hapa Goma nisingeanza kazi bila hiyo, kwa sababu itakayoelezwa katika hatua ya pili.

## Hatua ya 1: Amua kama unakata au unapasua

Ubao una nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake. Kukata kwa kukingama ni kuzipita nyuzi hizo, kama unapofupisha ubao wa rafu. Kupasua ni kuzifuata, kama unapotoa mbao mbili nyembamba kutoka katika ubao mmoja mpana.

Kazi hizi mbili zinahitaji meno tofauti. Meno ya kupasulia yamenolewa bapa mbele, na kila jino hufanya kazi kama patasi ndogo inayochimba. Meno ya kukatia yamenolewa kwa mshazari, moja kushoto na linalofuata kulia, ili yakate uzi pande zote mbili kabla ya kuutoa. Ukikata kwa kukingama ukitumia meno ya kupasulia, nyuzi zitang'oka na ukingo wa chini utabaki na manyoya. Ukipasua kwa meno ya kukatia, unga utajaa kati ya meno, msumeno utapata joto, na utaanza kuufuata uzi wa ubao badala ya mstari wako.

Andika kwenye karatasi mikato yote unayohitaji, na uweke alama kando ya kila mmoja: kukata au kupasua. Tripleksi ina tabaka ambazo nyuzi zake zinapishana, kwa hiyo ihesabu kuwa kukata, upande wowote uufuatao.

## Hatua ya 2: Safisha ubao, kisha uupime mahali patatu

Mbao nyingi zinazouzwa mjini, ziwe za mkaratusi, grevilea, libuyu au muvula, zimepasuliwa msituni au shambani kwa msumeno wa mnyororo. Msumeno huo unakula karibu milimita 8 kila unapopita na hauendi sawa kabisa. Ndiyo maana ubao mmoja unaweza kuwa na unene wa milimita 32 ncha moja na 27 ncha nyingine, na kingo zake mbili zikawa hazilingani.

Baada ya hapo ubao hubebwa, hupangwa chini na huburutwa juu ya ardhi yetu ya mawe ya volkano. Chembe za mawe hayo huingia katika nyuzi, hasa kwenye ncha na kwenye upande ulioguswa na ardhi. Ukiupitishia kidole utazihisi. Chembe hizo zinaweza kuondoa haraka ukali wa diski mpya. Sugua kwa burashi ya waya kufuata nyuzi, sentimita tano kila upande wa mahali utakapokata, juu na chini, kisha pangusa. Tafuta pia misumari ikiwa ubao umewahi kutumika kwenye nyumba ya mbao.

Sasa pima upana na unene kwenye ncha mbili na katikati, na uandike namba kubwa kuliko zote. Weka ekeri au kipande cha mbao kilichonyooka kukingama ubao: ukiona mwanga chini yake, ubao umejikunja. Bonyeza ukucha kwenye ncha iliyokatwa karibuni. Ikiwa unaacha alama ya majimaji, ubao bado ni mbichi na utaubana msumeno.

Hatua hii imekamilika ukiwa na namba tatu na jibu moja: upana mkubwa, unene mkubwa, urefu wa mkato, na kama ubao ni mkavu au mbichi.

## Hatua ya 3: Chagua aina ya msumeno

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

### Msumeno wa kukata pembe, unaosimama mezani

Huu ndio ambao karakana nyingi hutamani kwanza. Kichwa chake kinashuka juu ya ubao na kukata pembe kwa usahihi. Lakini ule usioteleza, wenye diski ya milimita 254, hukata upana wa milimita 140 hadi 150 hivi tu. Unaoteleza juu ya reli zake, wenye diski ya ukubwa huo huo, hufika karibu milimita 300. Ubao wa sentimita 40 haumalizwi na wowote kati ya hiyo.

Wapo wanaosema kwamba ubao ugeuzwe na kukatwa upande wa pili. Hilo linafanikiwa ikiwa kingo mbili za ubao zinalingana kabisa, kwa sababu mkato wa kwanza unafuata ukingo mmoja na mkato wa pili unafuata ukingo mwingine. Mbao zetu zilizopasuliwa kwa mnyororo hazina kingo za namna hiyo. Ngazi iliyotajwa mwanzoni inatokea hapo, na mkono wa fundi hauhusiki. Msumeno huu ununue kwa ajili ya fremu za milango na madirisha, ambako unafanya kazi nzuri sana.

### Msumeno wa umeme wa diski, wa kushika mkononi

Kwa maoni yangu, huu ndio msumeno wa mbao pana, mradi uongozwe na reli, yaani ukingo ulionyooka ambao mashine inaufuata. Hauna mwisho wa upana: ukubwa wa reli ndio mwisho wake. Diski ya milimita 190 hukata unene wa milimita 65 hivi ikiwa imesimama wima, na karibu 45 ikiwa imelazwa nyuzi 45 za pembe, jambo linalotosha kwa karibu kila ubao wa samani. Ubebaji wake ni mwepesi, na ubao mzito wa libuyu unabaki umelala huku mashine ikisafiri.

Udhaifu wake ni kwamba bila reli hautakwenda sawa, hata mikononi mwa fundi wa miaka mingi. Hatua ya tano inaeleza namna ya kuitengeneza reli hiyo kwa vipande vya tripleksi.

### Msumeno wa meza

Kwa kupasua mbao nyingi za upana mmoja, hakuna unaouzidi. Kwa kukata ubao mrefu na mpana kwa kukingama, ni hatari: ubao wa mita tatu unaning'inia pembeni, unazunguka kidogo, unaibana diski, na kipande hurushwa nyuma kumwelekea fundi. Ikiwa unao, utumie kupasua, na usiuondoe ule ulimi wa chuma ulio nyuma ya diski, ambao unazuia mkato usijifunge.

### Msumeno wa mkono

Usiudharau. Umeme ukikatika, ubao wa sentimita 40 unakatwa kwa mkono kwa dakika chache, na ukisindikizwa na randa unatoa ncha safi kama ya mashine. Chagua wenye meno 8 kwa inchi kwa kukata mbao kavu, na wenye meno 5 au 6 kwa kupasua au kwa mbao mbichi.

Angalia mgongo wake. Msumeno mfupi wenye uti wa chuma mgongoni ni wa viungo vidogo, haufai hapa. Msumeno wa fremu, ambao ulimi wake umefungwa ndani ya fremu ya mbao, nao hufika kikomo pale mti wa juu unapogonga ukingo wa ubao, isipokuwa ukiweza kuugeuza ulimi wake uelekee pembeni.

### Misumeno ya kuepuka kwa kazi hii

Msumeno mwembamba wa umeme wa kukatia mikunjo una ulimi unaopinda ndani ya mbao nene. Juu utaona mstari mzuri, chini utaona mkato umekwenda upande.

Onyo zito zaidi linahusu mashine ya kusagia chuma iliyofungwa diski ya meno. Tabia hii imeenea kwa sababu mashine hiyo inapatikana kila mahali. Inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, ilhali misumeno mingi ya diski huzunguka mara 5,000 hivi. Haina bamba la kukalia juu ya ubao, wala kifuniko kinachojifunga chenyewe. Diski ikibanwa, mashine inaruka mkononi kabla hujafikiri. Usifanye hivyo hata kwa mkato mmoja.

## Hatua ya 4: Linganisha diski na mashine, na mashine na umeme

Diski isomwe kabla ya kulipiwa. Kipenyo chake kilingane na kilichoandikwa kwenye mashine. Tundu la katikati lilingane pia: kuna za milimita 16, 20 na 30, na diski ya 30 iliyofungwa kwenye mhimili wa 20 bila pete yake itatetemeka na kukata njia pana yenye mikwaruzo. Kasi ya juu iliyoandikwa kwenye diski lazima izidi kasi ya mashine.

Kwa kupasua na kwa mbao mbichi, funga ya meno 24, kwa kuwa nafasi kubwa kati ya meno inatoa unga haraka. Kwa kukata kwa kukingama mbao kavu, funga ya meno 40.

Umeme nao upimwe. Mashine zinazouzwa kwetu ni za volti 220. Jioni, mtaa mzima unapowasha majiko, volti zinaweza kushuka sana. Zikiwa chini ya 200, mota hupoteza nguvu, fundi husukuma zaidi, na waya za ndani hupata joto hadi kuungua. Kata mbao pana asubuhi. Ukitumia jenereta, mashine ya wati 1,400 inahitaji ya kVA 2.5 hadi 3, kwa sababu mota hudai umeme mwingi zaidi wakati wa kuanza. Waya wa kurefusha uwe wa milimita mraba 2.5 na ukunjuliwe wote. Ukiachwa umeviringishwa, unapata joto.

Umefanikiwa ikiwa mashine, ikizungushwa bila kugusa ubao, inatoa sauti moja isiyopanda na kushuka, na diski ikitazamwa kwa upande haichezi.

## Hatua ya 5: Tengeneza reli ya mbao

Reli hii inafanywa mara moja na kutumika kwa miaka.

Kata tripleksi nyembamba yenye upana wa sentimita 35 na urefu unaozidi upana wa ubao wako kwa sentimita 30. Hicho ni kitako. Kata kipande kinene chenye upana wa sentimita 12 na urefu huo huo, ukiulinda ukingo wake wa kiwandani usiguswe. Huo ni ukuta wa kuongozea.

Hakikisha ukuta umenyooka. Chora mstari mwembamba ukiufuata, ugeuze upande wa pili, uchore tena juu ya mstari ule ule. Mistari ikifunikana, umenyooka. Ikiachana katikati, tafuta kipande kingine. Usikubali hata upana wa penseli, kwa sababu kosa la ukuta litarudi katika kila ubao utakaoukata.

Gundisha ukuta juu ya kitako, nyuma ukilingana na ukingo mmoja, na ukingo wa kiwandani ukitazama upande ulio wazi. Kaza kwa skrubu kutoka chini, na vichwa vyake vizame. Kabla ya gundi kukauka, weka mashine na kuishusha hadi mwisho wa kina chake: mota isiguse ukuta. Ikigusa, tumia ukuta wa milimita 12 badala ya 18.

Gundi ikishakauka, funga reli mezani kwa vibano, ukingo wake ulio wazi ukitokeza nje. Sukuma bamba la mashine dhidi ya ukuta na ukate kitako kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukingo uliobaki sasa ndio mstari kamili ambamo diski inapita. Kuanzia hapo hutahitaji hesabu: utauweka ukingo huo juu ya alama, basi.

Reli inapunguza kina cha kukata kwa unene wa kitako. Kwa kitako cha milimita 9, zile 65 zinabaki 56. Tena, reli ni ya diski hiyo. Ukibadilisha na diski yenye meno mapana zaidi, itakula ukingo na alama yako itahama.

## Hatua ya 6: Laza ubao na ukate

Laza vile vipande vinne vya kuegemezea mezani, viwili kila upande wa mkato, ubao ukae juu yake. Ukiegemeza ubao kwenye ncha mbili tu, utazama katikati, mkato utajifunga juu, diski itabanwa na mashine itarudi nyuma. Usifanye kazi hii juu ya mawe ya uani.

Ubao uliojikunja ulazwe tumbo lililovimba likiwa juu, ili kingo zake mbili zikae chini bila kuyumba, na ukatwe taratibu.

Diski ya mashine ya mkononi hukata ikipanda, kwa hiyo upande mzuri wa ubao utazame chini. Kwa msumeno wa mkono ni kinyume: meno yanakata yakishuka, upande mzuri uwe juu.

Chora mstari kwa ekeri, ukitegemea ukingo ulionyooka zaidi na ukingo huo peke yake. Kisha pitisha kisu juu ya mstari, mara mbili au tatu, hadi nyuzi za juu zikatike. Fanya hivyo pia kwenye upande mzuri, kwani kisu ndicho kinachozuia manyoya.

Weka reli upande wa kipande unachokitaka, ili diski ile sehemu inayotupwa. Kaza vibano nje ya njia ya mota. Shusha diski ipite chini ya ubao kwa milimita 5 hivi, urefu wa jino moja, na usizidishe.

Simama kando ya njia ya mashine, usiwe nyuma yake. Washa, subiri ifike kasi yake kamili, kisha sukuma kwa mwendo mmoja usiobadilika, bamba likibaki limegusa ukuta. Sauti ikizama, punguza mwendo. Diski ikibanwa, achia swichi na usivute nyuma huku diski inazunguka. Ubao mbichi ukianza kujifunga, zima mashine, ingiza kabari ndogo ya mbao katika mkato, ndipo uendelee.

Kwa msumeno wa mkono, anza kwa kuvuta mara chache kwenye kona ya ubao, kifundo cha kidole gumba kikiongoza ulimi. Ulaze pembe ya nyuzi 45 unapokata, na 60 unapopasua. Kila mara tazama mistari miwili, wa juu na wa ubavuni. Karibu na mwisho, mwenzako ashike kipande kinachoanguka bila kukiinua. Akikiinua, mkato unafunga.

## Hatua ya 7: Kagua ncha uliyoikata

Weka ekeri kwenye ukingo ulioutumia kuchora. Mwanga usipite. Weka ekeri kwa unene pia, kwani diski iliyoegama kidogo inaacha ncha inayolala.

Kwa ukaguzi mkali zaidi, kata kutoka katika ubao huo vipande viwili, vilaze ncha kwa ncha, kisha kigeuze kimoja chali na uzikutanishe ncha zilizokatwa. Kosa lolote la pembe litaonekana maradufu. Kwa rafu au mlango wenye kona nne, pima pia mishazari miwili: ikilingana, na pande zinazotazamana zikilingana, kona zako zimenyooka.

Ukikuta alama za kuungua, diski imekwisha ukali au umesukuma polepole mno. Ukikuta mkato umepinda katikati, reli ilinyumbuka, kwa hiyo ongeza kibano au tumia ukuta mpana zaidi. Kasoro ya chini ya milimita moja iondolewe kwa randa kali, ukisukuma kutoka kila ukingo kuelekea katikati. Ukitokeza nje upande wa pili, utapasua kona.

Ikiwa ubao ulikuwa mbichi, paka ncha mpya rangi nzito au nta siku hiyo hiyo. Maji hutoka haraka kupitia nchani kuliko ubavuni, na ubao mpana usiofunikwa unaweza kupasuka kutoka kwenye mkato huo huo kabla hujaufikisha kwenye gundi.